Kusoma molekuli juu ya uso wa fedha kwa nuru ya Raman: mwongozo kwa maabara ndogo za Unguja na Pemba

Mtu anayeshika kipimo cha Raman, yaani mashine inayoitambua molekuli kwa nuru inayoitawanya, kwa mara ya kwanza huamini kwamba kazi yote imo ndani ya mashine, na kwamba yeye amebakiwa na kubonyeza kitufe tu. Katika njia inayoelezwa hapa, ambayo nuru ya Raman hukuzwa kwa msaada wa metali, imani hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi kuliko kingine chochote. Kipimo cha kweli ni kile kipande cha fedha au dhahabu ambacho molekuli imejishikiza juu yake. Leza, lenzi na kompyuta ni wasikilizaji. Metali ikiandaliwa vibaya, mashine ya bei kubwa haitasikia kitu, au mbaya zaidi, itasikia kitu kingine na wewe utakiandika kwa jina la sampuli yako.

Namwandikia mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwalimu wa kemia au fundi wa maabara aliyeko visiwani, ambaye ana kipimo cha Raman au anaweza kukiazima kwa siku chache, na anayetaka kujua molekuli fulani hukaaje inapokutana na metali. Mifano niliyoichagua ni mitatu: dawa ya zambarau inayouzwa madukani kwa jina la GV, asidi moja ya jamii ya thayoli (molekuli zenye kundi la salfa na haidrojeni) inayoishika fedha kwa nguvu, na yujenoli ya karafuu, ambayo ni ngumu kuliko hizo mbili na kwa hiyo nimeiweka mwisho.

Kwa nini metali huikuza nuru

Nuru ya rangi moja inapoipiga molekuli, karibu nuru yote inayotawanyika hutoka na rangi ileile iliyoingia nayo. Takriban fotoni moja katika kila milioni 10 hivi huiachia molekuli sehemu ya nishati yake, ikatoka na rangi iliyohama kidogo, na kiasi cha mhamo huo ni sawasawa na nishati ya mtetemo mmoja wa molekuli. Mhamo huu aliutangaza C. V. Raman, akifanya kazi pamoja na K. S. Krishnan mjini Kolkata, mwaka 1928, na Raman akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930. Huhesabiwa kwa nambawimbi, yaani idadi ya mawimbi katika sentimita moja, na nambari zote za vilele, yaani sehemu zilizoinuka kwenye spektra (mchoro wa nguvu ya nuru kwa kila mhamo), katika mwongozo huu ni za kipimo hicho. Kwa mfano, ukitumia leza ya nanomita 785, kilele cha 1,000 hutokea kwenye nuru ya nanomita 852, ambayo macho yetu hayaioni kabisa.

Fotoni moja katika milioni 10 ni chache mno, hasa pale ambapo molekuli zenyewe ni tabaka moja tu juu ya uso. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walipata spektra yenye nguvu ya piridini iliyonata kwenye elektrodi ya fedha iliyokwaruzwa kwa umeme, nao wakadhani ni kwa sababu uso uliokwaruzwa una eneo kubwa la kubeba molekuli. Mwaka 1977 vikundi viwili, kimoja cha Marekani na kimoja cha Uingereza, vilionyesha kwamba ukuzaji ule ulifikia mara laki moja hadi milioni moja, na eneo peke yake haliwezi kutoa tofauti kubwa kiasi hicho.

Sababu kuu ni elektroni huru za metali. Nuru inapoingia kwenye chembe ya fedha iliyo ndogo kuliko urefu wa wimbi lake, elektroni hizo huyumba kwa pamoja kama maji ya bahari yanavyoyumba kwa wimbi, na kuyumba huko huitwa plazmoni. Anayejua bahari ya magharibi mwa Pemba amewahi kuona jinsi maji yaliyokuwa yakienda taratibu kwenye uwazi yanavyokimbia kwa nguvu yanapopita mlango mwembamba baina ya visiwa viwili. Hali inafanana na hiyo baina ya chembe mbili za fedha zilizokaribiana kwa nanomita moja au mbili: uga wa umeme wa nuru hujazana katika mwanya huo, na molekuli iliyokwama ndani yake hupigwa na nuru kali mno na kuitawanya kwa ukali uleule. Kwa kuwa metali hukuza nuru inayoingia na pia ile inayotoka, ukuzaji hukadiriwa kwa kipeo cha nne cha ongezeko la uga, hivyo uga ukiongezeka mara 10 tu, kilele huongezeka mara 10,000. Kuna pia sababu ya pili, ya kikemia, inayotokana na elektroni kuhama baina ya molekuli na metali, lakini mchango wake kwa kawaida ni wa mara 10 hadi 100 tu.

Nguvu hiyo hufifia upesi, kiasi kwamba molekuli iliyo nanomita kadhaa mbali na uso huwa haichangii chochote cha maana. Kwa hiyo njia hii haikuonyeshi kilichomo ndani ya chupa, bali kilichofika kwenye metali na kukaa. Kitu kilicho kingi kwenye sampuli kinaweza kutoonekana kwa sababu hakinati, na uchafu mdogo unaonata vizuri ukatawala spektra nzima.

Kuchagua leza na kukisahihisha kipimo

Fedha hufanya kazi kwa leza nyingi za nuru inayoonekana na pia kwa ile inayokaribia infraredi. Dhahabu na shaba huhitaji nuru nyekundu, kwa makadirio kuanzia nanomita 600 kwenda juu. Kwa maabara zetu napendekeza leza ya nanomita 785, kwa kuwa vipimo vingi vya mkononi vinaitumia, na pia kwa sababu sampuli za mimea, kama mafuta ya karafuu yenye rangi ya kahawia, hutoa mng'ao mpana zinapomulikwa na leza ya kijani ya nanomita 532, na mng'ao huo huvifunika vilele vyote.

Leza hiyo ni hatari kwa namna inayodanganya. Jicho huiona kama doa jekundu hafifu, au lisiione kabisa, kwa hiyo halifumbi kwa haraka kama ambavyo lingefumba kwa nuru kali ya kijani, na ilhali retina inaungua. Vaa miwani ya kinga iliyoandikwa urefu wa wimbi wa leza yako, vua saa na pete, na usiupige mwali kwenye bamba la fedha lililong'arishwa bila kulifunika, kwa maana bamba hilo ni kioo.

Washa leza nusu saa kabla ya kupima ili itulie. Umeme ukikatika na kurudi, hesabu nusu hiyo ya saa upya, na kama maabara ina betri ya akiba, iunganishe kwenye leza na kompyuta kabla ya friji. Kisha pima kigae cha silikoni: kilele chake lazima kiwe kwenye 520 au 521. Ukikosa silikoni, kidonge cha parasetamoli kitakusaidia, kwa kuwa parasetamoli ina vilele vinavyojulikana vyema karibu na 858, 1,324 na 1,648. Andika matokeo hayo kwenye daftari kila siku kabla ya kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na spektra isiyojulikana ilisahihishwa lini ni mali ya namna hiyo.

Maji na vyombo

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asiwe na haraka. Maji ya visima vingi vya Unguja yamepita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana kalsiamu nyingi, na yale ya karibu na pwani huwa na chumvi. Yote mawili huziharibu chembe za fedha kabla hujaanza. Tumia maji yaliyokenekwa na kuondolewa ayoni, na usiiamini lebo ya dumu peke yake: chukua mililita chache katika kijichupa safi, dondosha tone la mmumunyo wa nitreti ya fedha, kisha litazame juu ya karatasi nyeusi. Yakitokea mawingu meupe, maji hayo yana kloraidi na hayafai.

Vyombo vya kioo vioshwe kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa, visuuzwe mara nyingi kwa maji hayohayo safi, na vikaushwe vikiwa vimefunikwa. Sabuni ioshwe hadi ishe kabisa. Niliwahi kupoteza wiki mbili nikifuatilia vilele viwili nilivyodhani ni ugunduzi, na mwisho wake vikawa ni vya kitu kilichotoka kwenye glavu nilizokuwa nikishikia vigae. Tangu siku hiyo, kabla ya sampuli yoyote, hupima metali tupu iliyopitia hatua zote isipokuwa kukutana na sampuli, na spektra hiyo tupu huihifadhi pamoja na nyingine zote.

Kupika koloidi ya fedha

Njia iliyozoeleka ya kupata koloidi, yaani maji yenye chembe ndogo mno za fedha zinazoelea ndani yake, ni ile iliyotangazwa na Lee na Meisel mwaka 1982. Yeyusha miligramu 18 za nitreti ya fedha katika mililita 100 za maji safi, ndani ya chupa ya kioo ya mililita 250, na uichemshe juu ya jiko la umeme lenye kikorogeo cha sumaku. Maji yanapoanza kutokota, dondosha polepole mililita 2 za mmumunyo wa asilimia 1 wa sitreti ya sodiamu, huku ukiendelea kukoroga, kisha acha ichemke kwa moto wa wastani kwa muda wa saa moja hivi. Mmumunyo utageuka kuwa wa manjano, kisha utaelekea kwenye kijivu chenye ukijani, wenye utusitusi kama maziwa yaliyozimuliwa sana. Uache upoe ukiwa bado unakorogwa, na urudishie maji yaliyopotea kwa mvuke.

Sitreti hufanya kazi mbili: huwapa ayoni wa fedha elektroni ili wawe metali, kisha huzizunguka chembe na kuzipa chaji hasi inayozizuia zisigandane. Kama una kipimo cha unyonyaji wa nuru, kilele cha koloidi kitakuwa karibu na nanomita 420, na kilele kipana sana ni dalili kwamba ukubwa wa chembe unatofautiana mno. Kama huna, macho yanatosha kwa uamuzi wa kwanza. Koloidi nyeusi, au yenye kioo cha fedha kilichojibandika kwenye ukuta wa chupa, imwagwe kwenye chombo cha taka, kwa sababu hakuna dawa ya kuirekebisha. Iliyo nzuri itiwe kwenye chupa ya kahawia au izungushiwe foili, iwekwe gizani mahali pa baridi, lakini isigandishwe, maana barafu huzisukuma chembe pamoja na hazitengani tena. Nitreti ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi na nguo, nayo hudumu siku nyingi.

Jaribio la kwanza: dawa ya zambarau

GV ni rangi ya kristali vayoleti, ambayo molekuli yake ina chaji chanya. Kwa kuwa chembe zetu zimevaa sitreti yenye chaji hasi, rangi hiyo huzikimbilia yenyewe, na ndiyo maana ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Tazama lebo ya chupa: GV ya asilimia 0.5 ina takriban milimola 12 za rangi katika lita. Izimue mara 100, kisha mara 10 tena, upate mikromola 12 hivi. Vaa glavu, kwa sababu rangi hii si ya kuchezewa, na isitoshe itakutia aibu mikononi kwa siku kadhaa. Fahamu pia kwamba dawa ya dukani inaweza kuwa na ndugu wengine wa rangi hiyo ndani yake. Inatosha kwa kujaribia metali, lakini kwa vipimo vya idadi tafuta rangi safi ya maabara.

Changanya mikrolita 900 za koloidi na mikrolita 100 za rangi iliyozimuliwa, usubiri dakika 5, kisha ongeza mikrolita 10 za mmumunyo wa kloraidi ya sodiamu wa molari 1, ambao ni gramu 58.4 katika lita. Mpangilio huu usibadilishwe. Chumvi huipunguza ile chaji inayozitenganisha chembe, nazo husogeleana na kujenga mianya niliyoieleza hapo juu; kama chumvi imetangulia, mianya hujengwa kabla rangi haijaingia. Chumvi ikizidi, chembe hugandana kuwa vumbi jeusi na kuzama chini, na kipimo kinabaki na maji matupu. Wanafunzi huniuliza kama maji ya bahari, yaliyojaa tele mlangoni, hayawezi kutumika badala ya chumvi ya maabara. Yatazigandisha chembe bila shaka, lakini yana pia bromaidi, salfeti na mabaki ya viumbe ambavyo vitataka nafasi juu ya fedha, na hutajua tena unasoma spektra ya nani.

Pima dakika 2 baada ya kutia chumvi, na katika kila sampuli inayofuata pima kwenye dakika hiyohiyo, kwa sababu koloidi haitulii na nguvu ya vilele hupanda kisha hushuka. Vilele vya kutafuta viko karibu na 915, 1,175 na 1,620. Vikionekana wazi, izimue rangi mara 10 zaidi na urudie, hadi vitakapopotea. Visipoonekana kabisa hata katika hatua ya kwanza, rudi kwenye maji na vyombo kabla hujailaumu mashine.

Uso mkavu na tabaka moja la molekuli

Koloidi ni nzuri kwa kutafuta, lakini anayetaka kujua molekuli imekaaje juu ya metali atahitaji uso ambao anaweza kuuosha, na hapa tuna bahati ya kuwa na masonara wa Mji Mkongwe. Mwombe sonara akupe vipande vya bamba la fedha safi, si ile ya kutengenezea vikuku, ambayo mara nyingi huwa asilimia 92.5 tu na iliyobaki ni shaba. Kikate vipande vidogo, ukisugue kwa msasa laini, ukioshe, kisha ukichovye kwa sekunde chache, zisizozidi nusu dakika, katika asidi ya nitriki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ukizingatia kwamba ni asidi inayotiwa kwenye maji na kwamba mvuke wa kahawia unaotoka ni sumu, hivyo kazi ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa. Uso ukiacha kung'aa kama kioo na kuwa mweupe usiong'aa, utoe na uusuuze kwa maji mengi. Utumie siku hiyohiyo. Hewa yetu ya bahari, hasa wakati wa masika, huifanya fedha ipoteze weupe wake haraka, na salfa ya hewani ikishaukamata uso huo hakuna molekuli nyingine itakayoikubali kwa urahisi. Kikilazimika kulala, kilale kwenye kopo lililofungwa lenye vifuko vya jeli ya silika.

Sasa andaa, katika ethanoli, mmumunyo wa milimola 1 wa asidi ya merkaptobenzoiki, ile thayoli niliyoitaja mwanzoni, ambayo kundi lake la salfa liko upande wa pili wa pete (mzunguko wa atomi sita za kaboni), mkabala na kundi la asidi. Chovya kipande cha fedha humo usiku kucha, kitoe asubuhi, ukisuuze kwa ethanoli mara tatu na ukikaushe kwa hewa safi. Kusuuza huko ndiko kunakotofautisha jaribio hili na lile la GV: kilichobaki ni tabaka moja lililoshikwa kikemia, na si mabaki yaliyokaukia tu juu ya bamba.

Kipime kwa nguvu ndogo ya leza. Chini ya hadubini, anza na miliwati 1 au pungufu. Vipimo vya mkononi vinaweza kutoa mamia ya miliwati, nazo zitaichoma sampuli kavu. Dalili ya kuungua ni vilima viwili vipana karibu na 1,350 na 1,580, ambavyo ni kaboni, na vimeshaingia katika ripoti nyingi vikiitwa majina ya kila aina. Ukiona vilima vinavyokua kila unapopima mahali pamoja, punguza nguvu na usogee pengine.

Vilele viwili vikubwa vya pete vitakuwa karibu na 1,075 na 1,585. Lakini ushahidi wa thamani zaidi ni wa kilele kisichokuwepo. Pima unga wa asidi yenyewe kwa Raman ya kawaida, na utaona kilele karibu na 2,570, ambacho ni mtetemo wa salfa na haidrojeni. Juu ya fedha kilele hicho hutoweka, kwa sababu haidrojeni imeondoka na salfa imefungamana na metali. Hakikisha mapema kwamba kipimo chako kinafika kwenye eneo hilo, maana baadhi ya vile vya mkononi huishia mbali chini yake, na kutokuwepo kwa kilele kwenye eneo lisilopimwa si ushahidi. Baada ya hapo lowesha uso kwa tone la maji yenye magadi kidogo na upime tena: kilele karibu na 1,400 kitapanda, kwa kuwa kundi la asidi limepoteza haidrojeni yake. Ukikilowesha kwa asidi dhaifu, kilele hicho hushuka. Yaani ncha moja ya molekuli imeshikwa na fedha, na nyingine iko huru kwenye maji na inaitikia mabadiliko yake.

Kuna kanuni moja ya kusomea mkao ambayo inafaa ikaririwe. Uga wa nuru karibu na metali husimama wima juu ya uso, kwa hiyo mitetemo inayobadilisha wingu la elektroni kuelekea huko juu hukuzwa zaidi kuliko ile inayocheza sambamba na uso. Pete iliyosimama wima huonyesha vizuri mtetemo wa kaboni na haidrojeni karibu na 3,060. Pete iliyolala huuficha. Kanuni hii inasaidia pale unapolinganisha spektra mbili za molekuli moja. Kwa uso uliokwaruzwa ovyo, ambao una pande nyingi, nakushauri useme kwamba molekuli zimeelekea kusimama, na usitaje pembe kwa digrii.

Karafuu

Mafuta ya karafuu, yakiwemo ya makonyo yanayokenekwa Pemba, yana yujenoli kwa sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 70 hadi 90. Ikiwa swali lako ni kama mafuta hayo ni safi, huna haja ya fedha wala koloidi. Yatie kwenye kijichupa cha kioo na uyapime moja kwa moja, utaona kilele cha pete karibu na 1,610 na cha kifungo maradufu cha mkia karibu na 1,640. Naona watu wengi wakikimbilia njia ya metali kwa sababu ni mpya, pale ambapo ile ya mwaka 1928 ingewapa jibu bora kwa dakika moja.

Metali inahitajika ukitaka kujua yujenoli hukaaje juu ya fedha, au ukitafuta mabaki yake machache ndani ya maji. Yeyusha miligramu 16 katika mililita 10 za ethanoli upate milimola 10 hivi kwa lita, kisha uzimue kwa maji. Molekuli hii haina salfa wala chaji, kwa hiyo usitarajie vilele vyenye nguvu kama vya GV. Kundi lake la fenoli hupoteza haidrojeni pale pH inapokaribia au kupita 10, na hapo oksijeni yake yenye chaji hasi huweza kuigusa fedha vizuri zaidi. Ongeza hidroksaidi ya sodiamu iliyozimuliwa sana kwa matone, na uandae koloidi tupu yenye pH hiyohiyo kwa kulinganisha. Vilele vya pete vikihama na kubadilisha uwiano wao huku kile cha 1,640 kikibaki mahali pake, ni hoja ya kusema kwamba molekuli imeshika kwa upande wa oksijeni na mkia wake uko mbali na uso. Kilele cha mkia nacho kikishuka chini au kufifia, fikiria kwamba kifungo maradufu kimelala juu ya fedha.

Tahadhari mbili ni za lazima hapa. Yujenoli hutoa elektroni kwa urahisi, hivyo inaweza kuoksidishwa juu ya fedha na ukawa unasoma zao lake; pima mara tu baada ya kuchanganya, na tena baada ya saa moja, uone kama spektra imebadilika. Pili, kwa sababu hiyohiyo, maji yaliyochemshiwa karafuu yanaweza kutengeneza chembe za fedha bila sitreti, na wapo wanaolifanya hilo kwa fahari. Chembe hizo zimeshavaa vitu vya karafuu tangu kuzaliwa, kwa hiyo hazifai kuwa shahidi katika swali la yujenoli.

Nambari za kuripoti

Usiripoti spektra moja iliyopendeza. Pima sehemu 20 au zaidi za uso mmoja, toa wastani na mtawanyiko, na urudie kwa bamba au koloidi iliyotengenezwa siku nyingine. Kipimo cha ukuzaji hupatikana kwa kugawa nguvu ya kilele kwa ukolezi, kwa njia zote mbili, kisha kugawanya jibu la metali kwa jibu la kawaida. Tuseme mmumunyo wa molari 0.1 bila metali umetoa hesabu 1,000, na wa mikromola 1 wenye metali umetoa hesabu 2,000 kwa leza ileile na muda uleule: ukuzaji ni mara laki mbili. Ukichora ukolezi dhidi ya nguvu ya kilele, mstari utapinda na kulala pale uso unapojaa, na sehemu hiyo iliyolala isitumike kukadiria kitu.

Taka za fedha

Mifereji ya Mji Mkongwe humalizikia baharini, na ayoni wa fedha ni sumu kwa viumbe vidogo vya majini, kwa hiyo hakuna koloidi wala maji ya kusuuzia yanayomwagwa kwenye sinki. Asidi ya nitriki iliyotumika itakuwa na fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote mezani. Kusanya mabaki yote kwenye chupa moja ya plastiki, ongeza chumvi ya jikoni hadi mawingu meupe yasiongezeke tena, na uache itulie usiku mzima. Ayoni wa fedha watakuwa wamezama kama kloraidi, na chembe za koloidi zitakuwa zimegandana na kuzama pamoja nao. Maji ya juu, yakishapunguzwa ukali kwa magadi, yamiminwe kwenye dumu la taka za maabara, na ile mashapo ya chini ibaki chupani ikiwa imeandikwa jina na tarehe. Usishangae ikigeuka ya zambarau kisha ya kijivu ikipigwa na jua: ndivyo kloraidi ya fedha inavyofanya, na sonara mwenye ujuzi anaweza kuirudisha kuwa metali.